Theresia wa Mtoto Yesu: Mtakatifu aliyesali gizani kwa miezi 18

USIKU wa kuamkia Ijumaa Kuu, Aprili 3, mwaka 1896, mtawa mmoja kijana katika monasteri ya Wakarmeli mjini Lisieux, kaskazini mwa Ufaransa, alirejea chumbani mwake baada ya kukesha mbele ya Ekaristi Takatifu hadi saa sita za usiku.

Taa yake ilikuwa imekwishazimwa. Mara alipoweka kichwa kwenye mto, alihisi kitu cha moto kikipanda kutoka kifuani hadi midomoni. Alikipokea kwa leso, akaamua asiwashe taa, akalala. Kulipopambazuka alisogea dirishani na kuona kwamba leso ile imelowa damu.

Mtawa huyo alikuwa Thérèse Martin, ambaye Wakatoliki wa Afrika Mashariki wanamfahamu kwa jina la Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu. Alikuwa na umri wa miaka 23. Kwa watu wa zama zile, damu ya namna hiyo ilimaanisha kifua kikuu, na kifua kikuu hakikuwa na dawa.

Lakini alifurahi. Kwa binti aliyelelewa akiamini kuwa mbinguni ndiko kwao, damu ile ilikuwa taarifa ya kuitwa nyumbani mapema.

Furaha hiyo haikudumu. Katika siku za Pasaka ya mwaka huo, iliyoangukia Aprili 5, mbingu aliyoitazamia tangu utoto ilitoweka machoni pake. Kila alipojaribu kuufikiria uzima wa milele alikutana na giza, na ndani ya giza hilo mlikuwa na mawazo yaliyomdhihaki kwamba nyuma ya kaburi hakuna kitu. Alidhani jaribu hilo lingepita upesi. Lilidumu miezi 18, hadi saa ya kufa kwake.

Wanaomfahamu kwa sanamu zake makanisani, akiwa amekumbatia msalaba na mawaridi, huenda wakaona habari hii ngeni. Sura iliyozoeleka ni ya binti mpole, mwenye tabasamu, ambaye Mungu alimjibu kila alipomwita. Sura hiyo si ya uongo, ila imeachwa nusu.

Theresia alizaliwa Januari 2, mwaka 1873, mjini Alençon, akiwa mtoto wa mwisho wa Louis Martin, fundi wa saa, na mkewe Zélie, aliyekuwa na biashara ya kufuma lesi. Wazazi hao walipata watoto tisa na kuzika wanne. Waliobaki walikuwa mabinti watano, na wote baadaye wakawa watawa.

Mama yao alifariki kwa saratani ya matiti Agosti 28, mwaka 1877, Theresia akiwa na miaka minne na nusu. Mtoto huyo alimchagua dada yake Pauline kuwa mama wa pili. Mwaka 1882 Pauline naye aliondoka, akaingia monasteri ya Wakarmeli ya Lisieux, mji ambao familia ilikuwa imehamia. Mwaka uliofuata Theresia aliugua ugonjwa wa ajabu uliowatia hofu waliomzunguka, naye akapona ghafla sikukuu ya Pentekoste, Mei 13, akiamini kuwa amemwona Bikira Maria akitabasamu.

Katika miaka hiyo hakuona kuwa Mungu yuko mbali. Mfano ulio wazi zaidi ni wa mwaka 1887, alipokuwa na miaka 14.

Mwaka huo magazeti ya Ufaransa yalijaa habari za Henri Pranzini, aliyehukumiwa kifo kwa kuwaua wanawake wawili na mtoto wa kike jijini Paris. Pranzini hakuonyesha dalili ya kutubu. Theresia aliazimia kumwombea na akamwomba Mungu ampe ishara moja tu, ya kumtia moyo. Pranzini alinyongwa kwa mashine ya kukata kichwa Agosti 31. Siku iliyofuata Theresia alifungua gazeti, ingawa baba yake hakuwaruhusu mabinti zake kusoma magazeti, na kuona imeandikwa kwamba katika dakika ya mwisho mtu yule aliugeukia msalaba wa padri na kuubusu mara tatu.

Aliomba ishara, akaipata, tena kwa maandishi. Ni vema msomaji akalihifadhi tukio hili, kwa sababu baada ya hapo ishara zilianza kuadimika.

Novemba mwaka huohuo alikwenda Roma na hija ya jimbo lake. Siku ya Novemba 20 alipiga magoti mbele ya Baba Mtakatifu Leo wa 13 na, kinyume cha amri ya kutosema neno, akamwomba ruhusa ya kuingia utawani akiwa na miaka 15. Papa alimwelekeza kuwatii wakubwa wake, akaongeza kuwa ataingia ikiwa Mungu ataka. Binti aliendelea kung'ang'ania magotini pa Papa hadi walinzi walipomwinua na kumtoa.

Ruhusa ilikuja baadaye, kutoka kwa askofu wake. Theresia aliingia monasterini Aprili 9, mwaka 1888. Alichokikuta humo ni ukavu. Katika saa za sala ya kimya mara nyingi alisinzia. Mafungo ambayo watawa wenzake waliyatamani hayakumpa faraja, na yale ya kujiandaa kwa nadhiri zake mwaka 1890 aliyapitisha bila kuhisi lolote.

Usiku wa kuamkia siku ya nadhiri, Septemba 8, wazo lilimjia kwamba wito wake wote ulikuwa ndoto na kwamba alikuwa akiwadanganya wakubwa wake. Alimwita nje ya kanisa mlezi wa manovisi na kumweleza kila kitu. Mlezi alimtuliza, na asubuhi yake akaweka nadhiri. Hiyo ilikuwa dhoruba ya usiku mmoja, na alipata mtu wa kuituliza.

Jeraha lingine lilitoka nyumbani. Baba yake, ambaye Theresia alimpenda kuliko mtu yeyote duniani, alianza kuchanganyikiwa, na Februari mwaka 1889 alipelekwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Bon Sauveur mjini Caen. Alikaa huko miaka mitatu. Mjini Lisieux wapo walionong'ona kwamba mabinti zake ndio waliomfikisha hapo kwa kumkimbia mmoja baada ya mwingine. Mzee Louis alifariki Julai mwaka 1894.

Hadi hapo, hata hivyo, mbingu ilikuwa haijaguswa. Mungu angeweza kunyamaza, baba angeweza kupoteza akili, lakini kwamba kuna mahali ambapo wote watakutana tena, hilo Theresia hakulitilia shaka. Hata hakuweza kuamini kuwa kuna mtu anayelitilia shaka kwa moyo mnyofu. Wale waliojiita wasioamini aliwaona kuwa wanasema kinyume cha wanachokijua.

Ikumbukwe hiyo ilikuwa Ufaransa ya Jamhuri ya Tatu. Sheria za miaka ya 1880 zilikuwa zimeyatoa mafundisho ya dini katika shule za serikali, na wasomi wengi walihubiri kuwa sayansi ingejibu kila swali. Wakatoliki wengi nao waliwajibu kwa hasira. Binti huyu wa familia ya kidini, aliyefungiwa nyuma ya kuta za monasteri, alikuwa mtu wa mwisho ambaye ungetazamia awaelewe watu wa upande wa pili.

Pasaka ya mwaka 1896 ilimpeleka kwao. Katika kurasa alizoandika Juni mwaka 1897 kwa agizo la mama mkuu, Marie wa Gonzaga, alieleza kuwa sasa alijua kwa hakika kwamba wapo watu wasio na imani, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa ameketishwa katika meza yao na kula mkate wao mchungu. Hakuomba aondolewe pale kabla ya wenzake. Aliomba nuru kwa ajili yao na kwa ajili yake pamoja, akijihesabu kuwa mmoja wao.

Mtawa wa kawaida wa wakati ule angewaombea wasioamini kama mtu aliye nchi kavu anavyowaombea walio majini. Theresia aliomba akiwa majini pamoja nao. Katika kurasa hizo alifika mahali akakatiza maelezo yake, akihofu kwamba akiendelea kuandika yale anayoyasikia moyoni atakufuru.

Alifanya nini basi katika miezi hiyo? Swali hili ndilo lenye uzito kwa yeyote aliyewahi kusali na kuona dari tu, na majibu yake ni ya kawaida mno.

Kwanza, hakubishana. Mawazo yale yalipomshambulia hakujaribu kuyashinda kwa hoja. Aliyapa mgongo na kumkimbilia Yesu, ambaye hakumwona wala kumsikia, na kumwambia kuwa yuko tayari kumwaga damu yake kwa ajili ya imani hiyo asiyoihisi. Alipohesabu, aliona kuwa katika mwaka mmoja alikuwa ametamka maungamo ya imani mengi zaidi kuliko katika maisha yake yote yaliyotangulia.

Padri mmoja aliyempa ushauri alimwambia aibebe Kanuni ya Imani mwilini. Theresia aliiandika kwa damu yake mwenyewe na kuiweka pamoja na kitabu cha Injili alichokivaa kifuani. Wapo watakaoliona jambo hilo kuwa limepita kiasi. Pengine limepita. Lakini mtu ambaye moyo wake hausemi tena aminahana budi kuliandika neno hilo mahali fulani ili asilipoteze.

Kazi nazo hazikusimama. Tangu Machi mwaka 1896 alikuwa akiwalea manovisi, bila kupewa cheo rasmi cha mlezi. Wasichana hao walimjia na mashaka yao, naye aliwaongoza. Aliandika tenzi za furaha kuhusu mbingu, ambazo masista waliziimba katika sikukuu zao na kuamini kuwa mtunzi anaogelea katika nuru. Yeye alieleza kuwa aliimba kile alichotaka kukiamini.

Je, huo haukuwa unafiki? Swali ni halali. Jibu lake linapatikana katika namna alivyoishi na wenzake kwa miaka kadhaa kabla ya giza hilo kuanza. Monasterini mlikuwa na sista mmoja ambaye kila alichofanya kilimuudhi Theresia. Badala ya kumkwepa, Theresia alimtendea kama rafiki wa karibu, akamtumikia na kumpa tabasamu, hadi sista yule akaamini kuwa anapendwa kwa namna ya pekee. Vilevile, alipokuwa bado novisi, kila jioni alimkongoja sista mzee mgonjwa, aliyelalamikia kila hatua, kutoka kanisani hadi chumba cha kulia.

Kwa Theresia, upendo ulikuwa tendo ambalo hisia zingeweza kulifuata au kutolifuata. Alichokifanya katika miezi ile 18 ni kumtendea Mungu aliyenyamaza kama alivyomtendea sista yule. Aliendelea kumhudumia.

Wakati huo lilimfika pigo ambalo kwa mtu mwingine lingetosha kumaliza kila kitu. Wakatoliki wa Ufaransa walikuwa wakishangilia habari za mwanamke aliyeitwa Diana Vaughan, aliyedaiwa kuacha ibada za shetani na kuongoka. Theresia aliguswa, akatunga mchezo wa kuigiza uliochota katika habari hizo, na picha yake akiwa amevaa kama Joan wa Arc katika mchezo mwingine ikatumwa kwa mwongofu huyo.

Aprili 19, mwaka 1897, Jumatatu ya Pasaka, mwandishi aliyejiita Léo Taxil aliitisha mkutano jijini Paris na kutangaza kuwa Diana Vaughan hakuwahi kuwepo. Alikuwa amewachezea Wakatoliki kwa miaka kadhaa. Picha iliyoonyeshwa ukutani mbele ya umati uliokuwa ukicheka ilikuwa ile ya mtawa wa Lisieux.

Habari zilifika monasterini. Theresia aliichana barua iliyokuwa imetoka kwa Diana huyo wa kubuni na kuitupa kwenye lundo la samadi. Ikumbukwe alikuwa mgonjwa wa kufa, anayesikia ndani yake sauti ikimwambia kuwa imani yake yote ni hadithi ya kutungwa, na sasa jambo moja aliloliamini lilikuwa limethibitika hadharani kuwa la kutungwa. Wiki chache baadaye aliketi na kuandika kurasa zile za kuwaombea wasioamini. Hazina neno la uchungu dhidi ya mtu yeyote.

Mwili nao ulikuwa ukiisha. Monasteri haikuwa na moto isipokuwa katika chumba kimoja, na kwa muda mrefu mgonjwa aliendelea na ratiba ya wote. Siku moja alionekana akijikokota bustanini, kwa kuwa aliagizwa atembee kidogo kila siku. Alipoulizwa kwa nini asipumzike, alieleza kuwa hatua zile anazitoa kwa ajili ya mmisionari fulani wa mbali aliyechoka.

Wamisionari aliokabidhiwa kuwaombea walikuwa wawili. Mmoja, Adolphe Roulland, alikwenda China. Wa pili, Maurice Bellière, alikuwa mseminari mwenye wasiwasi mwingi juu ya wito wake, aliyekusudia kujiunga na shirika la Wamisionari wa Afrika, wale wanaoitwa White Fathers, ambao Tabora, Karema na Bukoba zinawafahamu vizuri. Theresia alimwandikia barua za kumtia moyo hadi mkono uliposhindwa kalamu. Katika barua hizo anazungumza juu ya mbingu kwa matumaini.

Julai 8 alihamishiwa chumba cha wagonjwa. Agosti daktari alikuta pafu moja limekwisha kabisa na sehemu ya la pili imeharibika. Maumivu yalikuwa makali kiasi kwamba aliwaonya wauguzi wasiache dawa zenye sumu karibu na mgonjwa anayeteseka namna ile, na alikiri kuwa bila imani asingeyavumilia. Maneno hayo ni ya mtu anayelijua vema shimo lililo karibu naye.

Komunyo yake ya mwisho aliipokea Agosti 19. Baada ya hapo, kwa wiki sita za mwisho, hali yake haikumruhusu kuipokea tena. Hiyo ya mwisho aliitoa kwa ajili ya Hyacinthe Loyson, mhubiri maarufu wa Paris, Mkarmeli aliyeliacha shirika na Kanisa, akaoa, na kuwa jina la aibu midomoni mwa Wakatoliki wa Ufaransa. Theresia alikuwa amemwombea kwa miaka mingi.

Alifariki jioni ya Septemba 30, mwaka 1897, baada ya siku mbili za kuhangaika kutafuta pumzi. Alikuwa na miaka 24. Waliokuwa kitandani pake walishuhudia kuwa dakika za mwisho uso wake ulitulia na macho yakaelekea juu, naye akamtamkia Mungu upendo wake. Alichokiona, kama alikiona, alikwenda nacho.

Siku moja kabla, Bellière alikuwa amepanda meli kuelekea Algiers kuanza unovisi. Alipata upadri mwaka 1901 na akatumwa Nyasaland, Malawi ya sasa. Hakuweza kukaa. Alirudi Ufaransa akiwa amevunjika afya, na mwaka 1907 alifariki mjini Caen, akiwa na miaka 33, katika hospitali ileile ya Bon Sauveur alimowahi kulazwa mzee Louis Martin.

Maandishi ya Theresia yalichapishwa mwaka 1898, mwaka mmoja kamili baada ya kifo chake, katika nakala 2,000 hivi. Dada yake Pauline ndiye aliyeyahariri. Alipanga upya, akafuta, akalainisha. Hata picha zake zilifanyiwa marekebisho ili aonekane laini zaidi. Hilo lilifanywa kwa mapenzi, na kitabu kikaenea ulimwenguni kote. Papa Pius wa 11 alimtangaza kuwa mtakatifu Mei 17, mwaka 1925, na mwaka 1927 akamfanya msimamizi wa misioni, yeye ambaye hakuvuka mlango wa monasteri tangu alipoingia. Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mwalimu wa Kanisa mwaka 1997.

Maandishi yenyewe, kama alivyoyaandika, yalitolewa mwaka 1956 tu. Kwa karibu miaka 60 mamilioni ya watu walimpenda bila kumsoma sawasawa.

Miongoni mwao alikuwa msichana kutoka Skopje aliyekwenda India kuwa sista na mwaka 1931 akachagua jina la mtakatifu huyo wa Lisieux. Dunia ilimjua kama Mama Teresa wa Calcutta. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, miaka 10 baada ya kifo chake, zilionyesha kuwa naye aliwahudumia maskini kwa takriban miaka 50 bila kuhisi uwepo wa Mungu.

Ama Hyacinthe Loyson, aliishi zaidi ya miaka 14 baada ya ile komunyo iliyotolewa kwa ajili yake. Alifariki Paris mwaka 1912, bila kurejea katika Kanisa Katoliki.